Wafanya Kazi Gani, Mama?

Asalaam aleikum kwa walio Waislamu, na ninyi wa Bwana asifiwe nawaitikia amina kabisa kabla hamjanisalimu, tusije tukagombania nani aanze. Mwenyekiti ameniomba niseme kwa ufupi. Mwenyekiti, mimi na ufupi hatujawahi kuonana, lakini nitajaribu.

Sitataja jina la mtu. Baadhi ya nitakaowasema wamo humu ndani, na naona wameshaanza kuangalia chini. Inueni nyuso zenu, leo sikuja kumsuta mtu. Nimekuja kuwaeleza jinsi nilivyotibiwa ugonjwa usio wangu, huku ulio wangu ukinila.

Mimi mzaliwa wa Jomvu Kuu. Kwetu ni watu wa kujiheshimu. Babangu alikuwa na duka la vitambaa, na mamangu hakutoka nje bila buibui iliyofukizwa udi. Nikaolewa Utange, na mwanamume aliyeuza maji kwa mikokoteni ya punda. Alijaza mitungi kisimani akaipeleka majumbani, maana mifereji ya kule mwaijua wenyewe, yatoa upepo. Dada yangu mkubwa alipoisikia posa ile alilia kana kwamba nimekufa. "Mtoto wa kwetu akaoshe punda? Aibu hii tutaificha wapi?" Nikaenda hivyo hivyo. Nilimpenda mume wangu, na baadaye nikawapenda na punda wake.

Alipofariki ndipo nilipopimwa, ndipo nikajua kuwa tulikuwa tukiishi na virusi sote wawili, na yeye vimemmaliza asijue. Mimi nami nilikuwa nimechelewa. Askari wa mwili, ile CD4, walikuwa wamebaki wachache mno. Daktari wa kliniki aliniambia kinga yangu ni nyumba isiyo na mlango, kila apitaye aingia. Nikaanza dawa za ARV siku ile ile, nikaletwa hapa kikundini.

Wageni mliokuja leo, sikizeni desturi ya hapa. Kila mpya hupewa pacha. Pacha wako akupigia simu saa ya dawa, nawe wameza yeye akisikia maji yakishuka kooni. Usiposikika, simu haikatwi. Pacha niliyepewa mimi alikuwa mama mkali kama pilipili mbuzi. Wanacheka, wamemjua. Cheka tu mamangu, nakuja kwako sasa hivi.

Basi mambo yalikuwa yameanza kutulia, nikirudisha nyama kidogo mashavuni, na kazi ya maji ya mume wangu nimeishika mimi, punda wetu mmoja akazaa na kufa. Kitoto kikabaki. Mwenzangu kazini, mzee wa Kigiriama aliyefanya kazi na mume wangu tangu ujana wao, akanambia, "Mama, hiki bila mamake hakiishi." Nami ni mbishi, nikanunua chupa ya mtoto.

Ulikuwa wakati wa kaskazi, jua kali, vumbi la bandani laelea hewani. Kila asubuhi nilifagia samadi iliyokauka, nikaitia guniani, kwa kuwa wenye vishamba vya mchicha huja kuichukua. Nikimaliza naketi juu ya gunia lile lile, kichwa cha kitoto mapajani, nakinywesha maziwa. Kikaanza kukohoa. Kamasi zatoka, pumzi yakoroma, mbavu zapanda na kushuka. Mzee akanisihi nikiache. Sikukiacha. Kilikufa kikiwa mapajani mwangu, kikinikoholea usoni mpaka mwisho.

Wallahi nilikililia kitoto kile kuliko nilivyomlilia mume wangu. Msiniangalie hivyo. Kwa mume wangu kulikuwa na wageni wa kupikiwa, sikupata nafasi ya kulia.

Haikupita muda, kikohozi kikahamia kwangu.

Kwanza kikavu. Kisha homa za jioni, jasho la kulowesha shuka, nguo zikaanza kunipwaya. Kila mtu humu ajua dalili hizo ni za nini, sina haja ya kuhubiri. Pacha wangu akanambia, "Kliniki, kesho." Nikajitayarisha. Na sasa ndugu zangu, nawaambia, sikizeni vizuri nilivyojitayarisha.

Nilioga nikajisugua kwa limau mpaka ngozi ikauma. Nikafukiza buibui kwa udi. Nikajipaka mafuta mazuri. Mtu wa kwetu haendi mbele za watu akinuka kazi yake, hata akiwa mgonjwa. Nikaingia kwa daktari kana kwamba naenda harusini. Akaniuliza, "Wafanya kazi gani, mama?"

Nikasema, "Biashara."

Akaandika biashara. Na sisi watu wa pwani, mtu akikwambia biashara, adabu ni kuishia hapo. Humchimbi. Huenda auza mahamri, huenda auza dhahabu, huenda hauzi kitu na yuastahi kusema. Daktari yule alikuwa mtu wetu, mwenye adabu zake, naye akaishia hapo.

Picha ya kifua ikaonyesha tundu, pafu la kulia, juu. Makohozi yakapakwa rangi, na chini ya darubini vikaonekana vidudu vichache vyekundu. Ile mashine ya kupima kifua kikuu ilisema hakuna. Lakini daktari akanieleza, "Mama, kwa kifua hiki na kinga hii, hatuwezi kungoja." Nikaanzishwa dawa za kifua kikuu. Simlaumu hata kidogo. Mngekuwa ninyi mngefanya vivyo hivyo.

Na nikapata nafuu! Homa ikashuka, nikala wali wa nazi sahani nzima, pacha wangu akapiga vigelegele kwenye simu. Nikasema yamekwisha.

Yakarudi. Yakarudi na makali zaidi, na safari hii na uchungu, kama mtu anichoma sindano ya kushonea magunia chini ya titi. Hapo ndipo maneno yalipoanza. Dawa zilimsaidia, sasa hazimsaidii, maana yake nini? Humu ndani sote twajua maana yake. Wimbo wetu ni mmoja: maliza dozi, usiruke dozi. Asiyepona hamezi. Nilipita pale mlangoni siku ya mkutano nikasikia mtu asema, "Lisemwalo lipo. Yule azitupa." Nikaingia, nikaketi nyuma, mkasogeza viti. Nyote mlisogeza, isipokuwa mama mmoja aliyenipa chupa yake ya maji.

Pacha wangu akaja nyumbani. Hakuja kunijulia hali. Aliinua godoro, akakung'uta mito, akachungulia kwenye pipa la taka na kwenye chungu cha udi. Kisha akanikalisha, akanipa vidonge, akaniambia, "Achama." Nikaachama. "Inua ulimi." Nikainua. Mimi, binti wa Jomvu Kuu, nimeachama kama punda anayeangaliwa meno na mnunuzi!

Nilitaka kumtukana, pumzi haikutosha. Nikalia tu. Akanambia, "Ukilia utakohoa. Meza, ulie baadaye."

Ndugu zangu, kuumwa kwauma, lakini kuna kitu chauma zaidi. Wafanya kila unaloambiwa, wafa hivyo hivyo, na walio karibu nawe waamini wajiua mwenyewe. Ilifika mahali nikaanza kujishuku. Nameza kidonge, kisha nafungua pakiti tena kuangalia kama kweli kimetoka. Nikawa siaminiki hata machoni pangu mwenyewe.

Halafu nikakohoa damu. Nilikuwa nakunja nguo, nikashika leso mdomoni, ikajaa. Mzee wangu wa kazini aliniona uani. Akawafungua punda mkokotenini, akamsimamisha jirani mwenye gari, na akampigia dada yangu Jomvu Kuu. Dada akaja, yule yule aliyelia kwa ajili ya posa. Akanishika kichwa njia nzima mpaka hospitali kubwa.

Nikatiwa chumba cha peke yangu. Kila aingiaye yuko ndani ya maski, macho tu. Walihofia kifua kikuu sugu, kile kisichosikia dawa. Daktari wa zamu akaniuliza mambo yangu. Watoto? Sina. Mume? Marehemu. Kazi?

"Biashara," nikasema. Roho iko shingoni, damu iko kwenye leso, na bado najisitiri. Dada alikuwa amesimama pale, na sikutaka kumwaibisha mbele ya madaktari.

Siku zikapita nami nazidi kushuka. Wakachukua makohozi, wakachukua damu, wakanipiga picha tena. Lile tundu lilikuwa limekua, na ndani yake mna usaha. Nilisikia manesi wawili wakinong'ona nje, mmoja asema kitanda changu kitahitajika. Nikageuka ukutani. Niliogopa, sitawaficha. Niliogopa kufa na jina la mtupa dawa.

Alikuwapo daktari mmoja wa kike, kijana, mtu wa bara. Asubuhi moja akaja na karatasi mkononi, akaketi kitandani, jambo ambalo wengine hawakulifanya. Akasema, "Mama, majibu yako ya virusi yametoka. Havionekani. Mtu anayetupa dawa hawezi kupata majibu kama haya. Unameza, na unameza vizuri."

Nikamshika mkono sikuuachia.

"Na kipimo cha kifua kikuu sugu," akaendelea, "nacho hakionyeshi kitu. Sasa mbona unaisha hivi? Kuna kitu sijakiona, mama. Nisaidie."

Kabla sijamjibu, pakatokea vurugu mlangoni. Ni mzee wangu. Ametoka kazini moja kwa moja, suruali imekunjwa magotini, mjeledi bado umening'inia begani, na harufu yake imemtangulia. Nesi amemzuia. Akasema kwa sauti, maana masikio yake hayasikii vizuri na adhani sote tuko hivyo: "Mama! Nimekuja kukuarifu. Yule mwingine naye amezaa!"

Nikamfanyia ishara ya mkono anyamaze. Hakuiona.

"Ila kitoto si kizuri! Chakohoa! Chakohoa vile vile kama kile cha kwanza!"

Nikatikisa kichwa. Nikafumba macho. Daktari akageuka. "Kitoto cha nani?"

"Cha punda," mzee akajibu.

"Punda gani?"

"Punda wa mama huyu. Ndiye tajiri wangu kazini. Kile cha kwanza alikilea mwenyewe kwa chupa, kikamfia mapajani. Hajakueleza?"

Nilimsikia dada akishusha pumzi kwenye kona. Kama ardhi ingepasuka ningeingia na kitanda changu. Daktari akaniinamia, akaniuliza polepole, lile lile swali.

"Mama. Wewe unafanya kazi gani?"

Nikafumbua macho. Nikamwangalia dada yangu. Kisha nikasema, "Nauza maji kwa punda. Nafagia banda lao. Nawanywesha, nawaosha, na samadi yao naitia guniani kwa mikono hii."

Hakucheka. Wala hakusogea nyuma. Alisimama akatoa simu hapo hapo, akapiga maabara. "Yale makohozi ya mama wa chumba cha pembeni, mliotesha kitu?" Akasikiliza. "Kiliota nini? Uchafu wa mdomo? Mara ngapi? Mara zote mbili?" Akasikiliza tena, na sauti ikambadilika. "Sahani za kuoteshea ziko wapi? Msizitupe. Nimesema msizitupe, nakuja!"

Akatoka mbio. Daktari mzima, kandambili za wodi zapiga sakafu pa pa pa mpaka mwisho wa ukumbi.

Tukabaki sisi. Mzee aniuliza kwa macho amekosa nini. Nesi hajui amfukuze au amwache. Dada ameshika tasbihi na haihesabu. Nami naisikia pumzi yangu ikikoroma, na kwa mara ya kwanza nikaitambua. Ilikuwa ile ile. Kitoto kile kilikoroma hivi hivi.

Daktari aliporudi alikuwa na jasho. Sahani zilikuwa zimeshawekwa kando pamoja na za kuteketezwa. Alizipata. Kilichoota juu yake kilikuwa kimegeuka rangi ya waridi lililopauka, na siku chache baadaye kikaota hicho hicho kutoka kwenye damu yangu. Jina la kidudu hicho ni Rodokokasi. Nimelifanyia mazoezi wiki nzima, nipigieni makofi. Alinieleza kuwa hukaa kwenye udongo na samadi ya farasi na punda, na vitoto vyao ndivyo huvishambulia mapafu. Mtu mwenye kinga nzuri hupita salama. Mtu wa nyumba isiyo na mlango, chaingia na kuketi kitako. Kikipakwa rangi kinaweza kushika wekundu kama kile cha kifua kikuu, ndiyo sababu kiliwapoteza watu. Na moja ya dawa za kifua kikuu hukichoma kidogo mwanzoni, ndiyo ile nafuu niliyoipata kabla hakijaizoea. Kumeza kwangu hakukuwa uongo, ndugu zangu. Nilikuwa nameza dawa za mgonjwa mwingine.

Msidhani nilipona siku ile. Walinianzisha dawa mbili tatu kwa pamoja, za dripu kwanza, kali, masikio yavuma na tumbo lakataa hata maji. Homa ilikataa kushuka. Ikafika asubuhi moja dada akafungua msahafu akaanza kunisomea Yasin, kama asomewavyo anayekata roho. Nikafungua jicho moja, nikamwambia, "Dada, bado." Akafunga msahafu, akacheka na kulia kwa pamoja. Alipoinama kunifuta uso nikaona unyasi mkavu umenasa kwenye buibui yake.

Nikamuuliza, "Umetoka wapi?"

Akauchomoa unyasi ule, akauficha kiganjani. Kisha: "Kile kitoto chataka mtu wa kukishikia chupa. Mzee yuko barabarani kutwa."

Dada yangu! Nikataka kuinuka kitandani. Nikamwita daktari kwa sauti niliyokuwa nayo. Daktari akamtuliza kila mtu. Akamwambia dada kwamba mwenye afya yake si rahisi kupatwa, lakini avae maski, anyunyize maji kabla ya kufagia, na daktari wa mifugo aitwe. Nikamnong'oneza dada, "Asante ya punda ni mateke, wajua lakini." Akanijibu, "Najua. Lakini chaniangalia kwa macho yale, ningefanyaje?"

Siku homa iliposhuka, sikuamini. Nilingoja irudi jioni, haikurudi. Nilingoja kesho yake. Kisha nikaruhusiwa kwenda nyumbani na vidonge vya miezi mingi. Pacha wangu alikuja kunichukua. Alisimama mlangoni mwa wodi, pilipili yote imemtoka, akasema, "Nilikuachamisha kinywa, mamangu. Nisamehe."

Mama, haya, ile zamu yako ndiyo hii. Nakwambia mbele ya watu wote: sina la kukusamehe. Daktari alijua nameza kwa sababu virusi havikuonekana, na havikuonekana kwa sababu hukunikatia simu hata siku moja. Kama si ukali wako, wangesema ni mtupa dawa, wangeacha kutafuta, na leo mngekuwa mwanisomea hitima.

Namshukuru dada yangu, aliyeketi pale kama malkia. Namshukuru mzee wangu asiyejua kunong'ona. Namshukuru mama aliyenipa chupa yake ya maji. Namshukuru daktari yule, Mungu ampe watoto wenye mbio kama zake. Mara ya mwisho aliponiwekea kile chombo cha kusikilizia mgongoni, aliniambia, "Vuta pumzi." Nikavuta. "Tena." Nikavuta. "Tena, mama." Nikamuuliza, kwani kuna nini? Akasema, "Hakuna kitu. Nafurahia tu kusikia."

Bandani siingii tena, mpaka daktari aseme askari wangu wanatosha. Punda nawasalimu kwa mbali.

Sasa funzo, halafu niketi. Msije mkatoka hapa mkasema mama wa punda amesema kifua kikuu hakipo. Kipo, na chaua, na dawa zake mzimeze mpaka mwisho. Lakini ukimeza vizuri na bado wadidimia, usikubali kukaa kimya ukisutwa. Rudi. Rudi tena. Na daktari akikuuliza, mwambie washika nini, wafagia nini, walala karibu na nini, hata kama kinanuka. Mficha maradhi kilio humfichua, nami kilio changu kilibakisha hatua chache kifike.

Nimemaliza, mwenyekiti. Bado neno moja. Tangu nianze kusema, kuna mmoja wenu amejiziba mdomo kwa leso ili tusimsikie akikohoa. Nimekusikia, mwanangu, na sikutaji. Najua wadhani tutasogeza viti. Kesho asubuhi twaenda kliniki pamoja, mimi na wewe. Usioge sana. Njoo ulivyo, kama utokavyo kazini, tuingie kwa daktari tukinuka.